Picha ya jalada ipigwe siku ileile ya video
Msitegemee kukata picha ya jalada la albamu kutoka kwenye video. Fremu (picha moja ya video) ya pikseli 1920 kwa 1080 ikikatwa mraba hubaki na pikseli 1080 tu kila upande, ilhali majukwaa mengi ya muziki hupendelea 3000 kwa 3000; ukiivuta ifikie hapo, inapoteza ukali. Tena msanii akicheza, fremu huwa na ukungu wa mwendo, kwa kuwa video ya fremu 25 kwa sekunde kwa kawaida hurekodiwa kwa shata (muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila fremu) ya sekunde 1/50. Tengeni dakika 20 za picha mnato kwenye ratiba, mapema, kabla jasho halijaharibu vipodozi. Acheni nafasi tupu juu ya kichwa kwa ajili ya jina. Kisha punguzeni jalada hadi pikseli 150, mlione likiwa dogo kama kwenye simu: jina lisiposomeka, kuzeni herufi.