Jinsi ya Kubuni Visasili vya Jua na Mwezi kwa Ulimwengu Wako wa Fantasia

Wengi wanaobuni dini ya ulimwengu wao huanza na majina ya miungu. Mimi huanza na anga. Kisasili cha jua au mwezi ni jibu la swali la mtu aliyesimama nje akiangalia juu: mbona leo umechelewa kutoka? Nani ameumega? Swali lisipokuwepo, mungu wako anabaki jina tu.

Hatua ya 1: Orodhesha yanayoonekana kwa macho

Kwetu duniani, mwezi huandama kila baada ya siku 29 na nusu hivi. Kila siku huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50, na daima hutuonyesha uso uleule. Jua ni pana mara 400 hivi kuliko mwezi, ila liko mbali mara 400 hivi pia, kwa hiyo machoni vinalingana. Amua ni yapi kati ya haya yanabaki katika ulimwengu wako. Wangu una mwezi mmoja, unaojaa kwa siku 10 na kupungua kwa siku 10.

Usidharau hesabu. Wamisri wa kale walikuwa na miezi 12 ya siku 30, zikabaki siku 5 za kukamilisha mwaka. Plutarch, mwandishi Mgiriki wa kale, anasimulia jinsi mungu mmoja alivyocheza kete na mwezi, akaushinda, na kutokana na nuru aliyoipata akaunda siku hizo 5. Kisasili kizima kimezaliwa na mabaki ya kalenda!

Hatua ya 2: Waamulie kazi na undugu

Jua si lazima awe mwanamume wala mwezi mke wake. Amaterasu wa Wajapani ni jua na ni mwanamke. Kwa watu wa kale wa Skandinavia, Sól, yaani jua, ni dada, na Máni, yaani mwezi, ni kaka yake. Mimi huona kazi inazaa hadithi kuliko undugu. Mwezi wangu ni mfinyanzi. Kwa siku 10 anafinyanga chungu, kwa siku 10 anakivunja kigae kwa kigae kumlipa Jua deni la udongo.

Hapa Kiswahili kinatupa zana ya pekee. “Alichomoza” haisemi kama ni mume au mke, hivyo unaweza kulificha jambo hilo mpaka pale litakapokuwa na uzito. Halafu kuna ngeli. “Jua lilikuwa limezama” ni kitu. “Jua alikuwa amekasirika” ni mtu. Usichanganye ovyo. Katika riwaya yangu msimulizi husema “li-” kurasa nyingi, kisha bibi mmoja, akiwa shambani peke yake, ananong'ona: “Ameamka.” Neno hilo moja linamweleza msomaji imani ya bibi huyo bila mimi kueleza lolote.

Hatua ya 3: Pima hadithi kwa kupatwa

Hiki ndicho kipimo kikali, na hapa ndipo nilipoteleza. Katika rasimu yangu ya kwanza jua lilipatwa adhuhuri, na usiku uleule mtoro akakimbia chini ya mwezi mpevu. Haiwezekani. Jua hupatwa mwezi unapopita kati yake na dunia, yaani siku za giza, kabla haujaandama. Mwezi wenyewe hupatwa ukiwa mpevu tu, na mara nyingi hugeuka mwekundu, kwa kuwa nuru inayoufikia imepinda kupitia hewa ya dunia. Nilivunja sura tatu kurekebisha kosa hilo.

Swali gumu zaidi: mbona jua halipatwi kila mwezi? Sababu ni kwamba njia ya mwezi imeinama kwa nyuzi 5 hivi, kwa hiyo mara nyingi hupita juu au chini ya jua. Kisasili chako kieleze hilo kwa lugha yake. Wahindu wana Rahu, kichwa kisicho na kiwiliwili. Akilimeza jua, linatokea kooni. Hapo inaeleweka mara moja kwa nini giza halidumu.

Jibu langu lilitoka kwenye ufinyanzi wenyewe. Mwezi akishamaliza kulipa hana hata kigae, hivyo huenda kwa Jua kukopa udongo upya. Kwa kawaida hupitia uani. Akipitia mlango wa mbele anauziba, na nyumba inaingia giza. Na chungu kikikamilika, kuna usiku ambao Mwezi hukichoma: ndio ule wekundu.

Hatua ya 4: Kitoe kisasili midomoni mwa makuhani

Kiweke kwenye viapo, mikopo, matusi. Kwangu hakuna anayedai deni siku za giza, kwa sababu hata Jua humkopesha Mwezi siku hizo. Vilevile acha watu wabishane: wafinyanzi wanasema Mwezi anadhulumiwa, wakopeshaji wanasema ni mvivu.

Hatua ya 5: Simulia kwa sauti

Msomee mtu hadithi yako bila karatasi. Atakapokukatiza kwa swali, usimjibu kwa maelezo, mwongezee tukio. Mimi niliulizwa lile doa jeusi usoni mwa mwezi ni nini. Nikasema ni alama ya kidole gumba, kwa kuwa usiku mmoja Mwezi alisikia hodi ya mdai wake, akashtuka, na udongo ulikuwa bado mbichi.