Somo: Kufunga tabo kwenye gari ya spoti ya zamani hapa Malindi (anza kwa kuipima)

Salaam wadau. Hili swali la tabo (turbo, ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosti na kuisukumia injini hewa zaidi) nimeulizwa mpaka nimechoka, kila kijana akipata gari ya zamani ya mbio, iwe Celica, iwe MX-5, iwe Corolla ya injini ya 4A-GE kama yangu mie, cha kwanza ni "nifunge tabo gani?" Ngoja niandike yote kwa mpigo, mwenye kubisha abishe huko chini.

Kwanza kuna kitu watu wa Nairobi hawawaambii. Nairobi iko juu kama mita 1,700, hewa yake nyepesi, injini isiyo na tabo kule inapoteza karibu moja ya sita ya nguvu zake hata kabla hujakanyaga mafuta. Kwa hiyo mtu wa kule akifunga tabo anarudishiwa kile kilichopotea halafu anaongezewa, lazima aone maajabu. Sisi hapa tuko usawa wa bahari, hewa tumejaaliwa tele, gari yako tayari iko na nguvu zake zote. Shida yetu sisi ni joto, na tabo yenyewe ni mashine ya kuzidisha joto.

Hatua ya 1: ipime kama ilivyo. Alfajiri, ukivuka daraja la Sabaki ushike njia ya Gongoni, tafuta pale palipo wazi hakuna punda wala bodaboda. Gia ya tatu, kutoka kilomita 50 hadi 90 kwa saa, abiria ashike simu arekodi mshale wa spidi (abiria, sio wewe!). Nenda mara tatu na urudi mara tatu uchukue wastani, sababu kusi ikivuma nyuma yako hata tuktuk ni gari ya mashindano. Abiria yuleyule, petroli kiasi kilekile, andika kwenye daftari. Yangu ilitoa sekunde 6.1. Bila hiyo namba, ukishafunga tabo utajuaje kama umeongeza mwendo au umeongeza kelele tu?

Hatua ya 2: linganisha kwa uzito, usihesabu farasi (nguvu za injini) peke yake. Chukua Porsche 911 Carrera RS 2.7 ya 1973, haina tabo, farasi 210, na ile nyepesi haikufika kilo 1000. Miaka miwili baadaye ikaja 911 Turbo ya lita 3.0, farasi 260, lakini nzito zaidi. Kutoka sifuri mpaka 100 kampuni yenyewe ilitoa sekunde 5.8 kwa ya kwanza na 5.5 kwa ya tabo. Farasi 50 wote hao kwa sehemu tatu za kumi za sekunde! Na ile ya tabo ukikanyaga unangoja kwanza, halafu inakuja yote kwa mkupuo ukiwa katikati ya kona. Kwa hiyo kabla ya tabo toa vyuma visivyo na kazi, rekebisha breki, weka tairi nzuri, halafu pima tena. Kuna wengine wataishia hapo na watakuwa wameokoa pesa nyingi.

Hatua ya 3: kompresheni, yaani injini inavyobana hewa na petroli ndani ya silinda, na hapa nakaa kidogo kwa sababu ndipo nilipoungulia. Kuna vitu viwili vinachanganywa. Kimoja ni afya ya injini, unapima kila silinda kwa geji, zikipishana zaidi ya asilimia 10 achana na tabo, fungua injini kwanza. Cha pili ni jinsi injini ilivyoumbwa. Injini za bila tabo zinabana sana, za tabo zinabana kidogo makusudi. Toyota wenyewe, 2JZ-GE isiyo na tabo ni 10 kwa 1, ndugu yake 2JZ-GTE ya Supra ni 8.5 kwa 1. BMW 2002 Turbo ya 1973 ilishushwa mpaka 6.9 kwa 1. Sio kwamba hawakujua hesabu, ni kwamba ukiisukumia hewa injini inayobana sana petroli inalipuka kabla ya wakati wake, ndiko kugonga huko.

Mie nikaambiwa na fundi "hii ni psi 7 tu, haina neno" (psi ni kipimo cha presha ya hewa), nikafunga kwenye pistoni za kiwandani, intakula (redieta ya kupoza hewa inayotoka kwenye tabo) ndogo imebanwa nyuma ya namba pleti. Saa nane mchana natoka Kilifi, jua la kupasua nazi, kabla sijafika Gede nasikia kama kokoto zinatikiswa ndani ya kopo. Nikaongeza redio. Kweli, niliongeza redio. Baada ya kilomita mbili moshi mweupe, maji yanachemka kwenye redieta, hedi gasketi imekwenda na pistoni ya tatu imemeguka ukingoni. Nilivutwa na pikapu ya maembe mpaka mjini na watu wananipungia mkono.

Hatua ya 4: joto. Hesabu yake ni hii. Hewa ya hapa mchana digrii 32, ukiibana kwa psi 7 na tabo ya kawaida inatoka karibu digrii 90. Hewa ya moto ni nyepesi, basi sehemu ya faida uliyoinunua inapotea, na injini inazidi kugonga. Kwa hiyo intakula kubwa, mbele kabisa, ipate upepo bila kuzuiwa na chochote, na redieta nzima sio ile iliyozibwazibwa. Chumvi ya bahari inakula zile nyavu za alumini, zioshe kwa maji yasiyo na chumvi kila wiki ukikaa karibu na ufuo.

Hatua ya 5: petroli na kompyuta. Injekta kubwa, pampu yenye nguvu, kompyuta ya injini inayoweza kupangwa upya, taimingi (wakati plagi inapotoa cheche) irudishwe nyuma. Hapa usibahatishe, lipa mtu anayejua, na uweke geji ya mchanganyiko wa hewa na petroli.

Hatua ya 6: paipu ya oili ya kurudi. Watu wanaidharau. Oili inaingia kwenye tabo kwa presha lakini inatoka kwa kuteremka tu, kama maji ya bafuni. Paipu iwe pana, iteremke moja kwa moja, iingie kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) juu ya usawa wa oili. Ikipinda ikapanda hata kidogo, oili inajaa, inavuja upande wa ekzosti, gari inatoa moshi wa buluu na wewe unaenda kugombana na aliyekuuzia tabo.

Sasa hivi niko na pistoni za kompresheni ya chini, psi 7 zilezile, barabara ileile: sekunde 4.7.

MASWALI

Mdau wa Watamu: Kaka, niko na tabo ya pikapu ya dizeli imelala nyumbani, yafaa kwa MX-5?
– Kwa kujaribu utaifunga, lakini moshi wa petroli ni wa moto zaidi kuliko wa dizeli, ile nyumba ya tabo inaweza kupasuka. Na saizi yake haikupangwa kwa injini inayozunguka mpaka mara 7000 kwa dakika.

Mdau wa Mambrui: Babangu asema Datsun 240Z ilishinda Safari Rally bila tabo, nyinyi mwahangaika na nini?
– Mshikie mzee mkono, asema kweli, 1971 na 1973. Lakini mwambie pia Celica ya tabo ilichukua 1984, 1985 na 1986 mfululizo, na Lancia Delta Integrale za Waitaliano 1988, 1989 na 1991. Waulize Waitaliano wa hapa mjini, utakesha.

Mdau wa Shela: Taima ya tabo, ile inayoiacha injini ingurume kidogo baada ya kutoa ufunguo, ni lazima?
– Si lazima. Dakika mbili za mwisho endesha polepole, ukifika iache ingurume kidogo halafu zima.

Mdau wa Maweni: Yote ilikula pesa ngapi?
– Mke wangu yumo humu ndani. Uliza lingine.

Mdau wa Maweni: Haya, na bima?
– Waambie kabla, kwa maandishi. Gari iliyobadilishwa injini bila wao kujua, siku ya ajali ndiyo watakayoikumbuka.