Jinsi ya kupunguza umeme kwenye filta ya mwanga ya silikoni

Filta hii ni kijisehemu cha chipu kinachochagua wimbi moja la mwanga, na hita ndo inaisogeza kwa joto hadi kwenye wimbi unalotaka. Wengi filta ikila umeme wanakimbilia kubadilisha hita, ila mimi naona uanze kwa kuangalia unaisogeza umbali gani, maana humo ndo umeme mwingi unapoishia.

Chukua ringi (njia ya mwanga iliyokunjwa duara, ndo filta yenyewe) ya nusu kipenyo mikromita 10, mwanga wa nanomita 1550. Vilele vyake, yaani mawimbi inayoyachagua, vinaachana nanomita 9 hivi, na ukiipasha digrii moja inasogea karibu nanomita 0.07 tu, kwahiyo kutoka kilele hadi kilele ni zaidi ya digrii 120! Halafu hita inasukuma upande mmoja tu, kwenye mawimbi marefu, kurudi nyuma haiwezi. Ringi ikitoka kiwandani imepitiliza chaneli yake (wimbi ililopangiwa) hata kidogo basi inabidi uipeleke karibu mzunguko mzima, kilele hadi kilele, na hilo litakukuta tu, maana upana wa njia ya mwanga ukikosewa nanomita 1 kilele nacho kinahama karibu hivyohivyo.

Kwahiyo usifunge ringi na chaneli moja. Pima ringi zote za chipu kabla hujawasha hita, kila moja ipe chaneli iliyo mbele yake kwa karibu, programu ndo ipange data upya huko mwishoni. Chipu yenyewe hujaigusa kabisa.

Ukimaliza hapo ndo njoo kwenye joto. Linapita kwenye oksaidi (tabaka kama kioo linaloizunguka ringi) linazama kwenye silikoni ya chini, ambayo inapitisha joto kama mara 100 ya oksaidi, yaani linapotea hivihivi. Chimba mitaro pembeni, ondoa silikoni iliyo chini ya ringi ibaki inaning'inia, umeme unaweza kushuka hadi sehemu ya kumi. Ila itachelewa kupoa, kwahiyo kama filta yako inabadilishwa kwa haraka muda wote hii achana nayo. Na hita ya chuma usiisogeze karibu mno ukidhani unabana matumizi, chuma kitaanza kunyonya mwanga.

Njia nyingine badala ya joto ni kuingiza chaji za umeme kwenye silikoni yenyewe; ni haraka kweli lakini inaongeza upotevu, kilele kinakuwa butu. Kama filta ukishaiseti inakaa hivyo muda mrefu, angalia vitu kama Sb2Se3 (selenidi ya antimoni, inayobadilisha hali yake na kusogeza kilele), unakipa pigo moja la umeme kinabadilika na kubaki hivyo bila kula chochote, ila joto la chipu likibadilika kilele bado kitahama, kwahiyo hita ndogo ya kurekebisha iache hapohapo.