Mgonjwa wako ana kansa ya umio na mwili wake dhaifu? Muandae hivi kwa upasuaji wa matundu

Kama mzee wako ana kansa ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, na juu yake kuna presha, kisukari au mapafu yaliyochoshwa na sigara, usikimbilie kusema hatoboi. Kwanza uliza kansa imefika wapi, maana ikiwa bado iko juu juu kwenye ngozi ya ndani, mara nyingine inatolewa kwa endoskopi tu, mpira wenye kamera unaopitishwa mdomoni, bila kupasua mwili kwa nje.

Ikibidi operesheni, ulizia ya matundu. Kamera na vifaa vinapita kwenye matundu madogo, umio wenye kansa unatolewa, halafu mfuko wa tumbo unatengenezwa kama bomba, unavutwa juu kuunganishwa na umio uliobaki. Faida kubwa iko kwenye mapafu: utafiti wa Ulaya uliotoka 2012 ulikuta waliofunguliwa kifua 29% walipata maambukizi ya mapafu ndani ya wiki mbili, wa matundu 9%. Ila jamani matundu ni madogo, operesheni ni ileile kubwa, masaa mengi, na pafu moja linapumzishwa ili daktari apate nafasi ya kufanya kazi, ndo maana mnaanza kazi mapema nyumbani.

Sigara aache leo, sio wiki ya operesheni. Kuna kifaa cha plastiki cha mazoezi ya mapafu chenye vigololi, anavuta pumzi taratibu vinapanda, avute mara kumi kila saa akiwa macho, na wewe kaa naye uhesabu kwa sauti maana peke yake ataacha. Atembee kila siku, apande ngazi, uangalie anasimama wapi kuhema, hiyo mwambie daktari wa usingizi ukweli wote. Dawa za presha na za kulainisha damu asiache wala asiendelee kwa kubahatisha, uliza ipi inasimama lini. Chakula kikigoma kushuka na kilo zinapungua, msisubiri, ombeni mpira wa kulishia. Na muulize daktari bila aibu anafanya operesheni hizi ngapi kwa mwaka, wanaozifanya nyingi matokeo yao ni bora.

Akitoka theatre, mapema kabisa atakalishwa, halafu atembezwe na mipira yake yote. Kukohoa kutauma, mpe mto aukumbatie kifuani aubane kwa nguvu ndo akohoe, makohozi lazima yatoke. Maumivu yakimzuia kuvuta pumzi ndefu, ita nesi, asijikaze. Homa, moyo kwenda mbio, kuhema au kifua kuuma ghafla, sema saa hiyohiyo, huenda pale palipounganishwa panavuja.

Nyumbani ale kidogo kidogo mara sita hivi, amekaa wima, maji mengi asinywe pamoja na chakula, na asilale bapa tena, kichwa na kifua viinuliwe, kwa sababu ile valvu ya kuzuia chakula kurudi juu haipo tena.