Mbwa wa machungani na jua la Septemba Tabora

Kuanzia mwishoni mwa Agosti mpaka mvua za kwanza za Novemba, mifugo ya Igunga, Nzega, Uyui na Sikonge hutembea mbali kuliko miezi mingine. Madimbwi ya jirani yamekauka, malisho ya karibu yamekwisha, na ng'ombe wanafuata lambo lililobakiza maji. Mbwa anafuata ng'ombe. Mchungaji ana kofia na kidumu chake begani, mbwa hana kitu. Akianguka njiani mchana, cha kwanza kushukiwa ni nyoka au sumu iliyotegewa fisi, na joto halitajwi kabisa. Inasikitisha, kwa sababu mbwa aliyezidiwa na joto anaokolewa kwa ndoo mbili za maji, mradi aliye naye ajue anachokiona.

Mbwa hatoi jasho mwilini kama binadamu. Tezi zake za jasho zinazofanya kazi ziko kwenye nyayo, na msaada wake ni mdogo sana. Joto analitoa kwa kuhema: hewa inapita haraka juu ya ulimi na ndani ya pua, mate yanakauka, na damu iliyopita pale inarudi mwilini ikiwa imepoa. Kwa hiyo anahitaji mambo mawili kwa wakati mmoja, mdomo ulio wazi na maji ya kutosha mwilini. Mbwa mzima aliyetulia ana nyuzijoto 38 hadi 39.2. Akikimbizana na ndama juani anaweza kufika 40 kwa muda mfupi, na akipata kivuli hushuka mwenyewe. Akifika 41 na kuendelea, ubongo, utumbo na figo vinaanza kuharibika, na hapo kivuli peke yake hakitoshi.

Saa ya kutoka

Ushauri wa "rudi kutembea baada ya saa 10 jioni" unafaa zaidi pwani. Tabora iko magharibi, na jua letu liko nyuma ya la Dar es Salaam kwa karibu nusu saa ingawa saa za ukutani ni zilezile. Mwishoni mwa Septemba jua linafika juu kabisa saa 6 na dakika 40 hivi mchana, na Kigoma ni karibu saa 7. Ardhi inaendelea kupata moto hata baada ya hapo, hivyo saa 9 na saa 10 alasiri ndizo kali kuliko zote. Tena mwanzoni mwa Oktoba jua linapita utosini hasa, na kivuli cha mtu aliyesimama kinaishia miguuni pake.

Kwa mbwa wa nyumbani anayetembezwa tu, toka kunapopambazuka na urudi kabla ya saa 3 na nusu asubuhi, au subiri saa 11 na nusu jioni. Mbwa wa machungani hawezi kufuata saa hizo, kwani ng'ombe wana ratiba yao. Huyo mpangie safari: kundi lifike majini kabla ya saa 5, na wakati ng'ombe wanacheua, mbwa alale chini ya mwembe au mkwaju mpaka saa 10 na nusu. Kumtuma mbwa kurudisha ng'ombe waliotawanyika saa 8 mchana ni kumchezea roho yake. Saa hizo mchungaji aende mwenyewe. Kama boma lina mbwa wawili au watatu, waende kwa zamu, na aliyekesha akilinda zizi asipelekwe machungani asubuhi yake.

Kabla ya kuondoka, weka mgongo wa kiganja chako ardhini na uhesabu mpaka saba pole pole. Ukishindwa kuvumilia, nyayo zake zitashindwa pia. Lami ya barabara kuu na kokoto za reli ndizo mbaya zaidi, kisha mchanga mkavu. Mpitishe pembeni palipo na majani, hata makavu. Mashamba yaliyochomwa yana hatari yake: juu ni majivu yaliyopoa, chini kuna kisiki kinachofuka moto taratibu kwa siku kadhaa. Mbwa akikanyaga huchuna ngozi yote ya unyayo, na jeraha hilo huchukua wiki kadhaa kupona.

Baiskeli na pikipiki zinastahili onyo lake. Mbwa anayemfuata mwenye baiskeli hasimami kwa sababu amechoka. Anasimama kwa sababu hawezi tena, maana kilichomtawala ni kutoachwa. Mwendo wa juani uwe wa miguu.

Maji, chakula na kamba

Mbwa wa kilo 15 anayelala nyumbani anahitaji karibu lita 1 ya maji kwa siku. Siku ya joto na safari, hesabu lita 2 hadi 3. Kidumu cha lita 3 ndani ya soksi nzito au gunia lililoloweshwa kinabaki na maji ya kunyweka mpaka mchana. Chukua na chombo cha kumnyweshea: kidumu cha lita 5 kilichokatwa nusu kwa urefu kinatosha. Mpe maji ya kujaa kikombe kimoja cha chai kila baada ya nusu saa, hata kama haombi. Ukingoja mpaka aone lambo, atakunywa kwa pupa, atatapika, na maji yote yatakuwa yamepotea.

Ugali wake mwingi uwe wa jioni. Asubuhi mpe kidogo, muda wa saa mbili kabla ya safari, kwa sababu tumbo lililojaa humbana pumzi.

Kamba nyembamba ya manila shingoni ni adui. Mbwa akivuta inakaza, koo linabanwa, na njia yake ya kupoa inazibwa. Shona mkanda wa turubai au gunia wenye upana wa sentimita 3 na uufunge hivi kwamba vidole viwili vinapita kati yake na shingo. Kamba ya kuongozea iwe mita 1.5 hadi 2. Usimpake oili chafu kwa ajili ya kupe. Ni sumu akiilamba, na manyoya yaliyogandamana kwa mafuta yanashika joto. Vilevile usimwogeshe kwa dawa ya josho ya ng'ombe halafu ukamtembeza siku hiyohiyo. Baadhi ya dawa hizo, kama amitrazi, humlegeza mbwa na kuvuruga uwezo wake wa kurekebisha joto la mwili.

Wapo mbwa wasiofaa kwenda kabisa msimu huu: watoto wa mbwa walio chini ya miezi sita, wazee, jike mwenye mimba au anayenyonyesha, mbwa mnene, na mbwa mwenye fizi nyeupe kwa minyoo au kupe. Mbwa aliyeletwa kutoka sehemu yenye baridi, tuseme milima ya Kasulu, apewe wiki mbili za kuzoea kabla ya safari ndefu. Kwenye mapori yenye ndorobo, kama ya Urambo na Kaliua, mwangalie macho kila wiki. Jicho lililoingia ukungu mweupe, uso kuvimba na homa ya kwenda na kurudi ni dalili za nagana, ugonjwa unaoenezwa na ndorobo. Mbwa mwenye homa anaanza safari akiwa tayari amepanda joto. Huyo abaki nyumbani mpaka apimwe damu.

Namna joto linavyomzidi

Mwanzo ni wa kawaida: mdomo wazi, ulimi nje, anahema kwa kasi lakini anasikia akiitwa. Kisha ulimi unatanuka. Ncha yake inapanuka kama kijiko, rangi inakuwa nyekundu iliyoiva, na kingo zinajikunja juu. Mate hayadondoki tena kama maji, yanakuwa mazito na kuning'inia kwa nyuzi. Mbwa anaacha kundi, anakimbilia kivuli cha kichaka chochote na kuchimba udongo wa juu ili alaze tumbo kwenye ubaridi. Wengi hapo humpigia kelele au kumvuta kamba wakidhani ni uvivu. Usimvute. Hapo bado anajiokoa mwenyewe, na nusu saa ya kivuli na maji inamtosha.

Akikosa nafasi hiyo, anaanza kuyumba miguu ya nyuma, anatapika, anaharisha, wakati mwingine kwa damu. Bonyeza fizi kwa kidole na uachie. Kwa mbwa mzima, rangi inarudi ndani ya sekunde mbili. Fizi nyekundu kama tofali na baadaye kupauka, degedege na kuzimia ni hatua ya mwisho.

Cha kufanya

Mpeleke kivulini na umfungue kila kitu shingoni. Anza kummwagia maji papo hapo, kabla ya kumpigia simu mtu yeyote. Maji ya kisima, ya lambo, ya bomba, yote yanafaa, mradi ni baridi kuliko mwili wake. Debe moja la lita 20 lisimwagwe lote mara moja. Mimina kwa kopo, taratibu, tumboni, kinenani, makwapani, shingoni na mgongoni, ukipekua manyoya ili maji yafike kwenye ngozi. Mwenzako ampepee bila kusimama kwa khanga, kofia au mfuniko wa ndoo, kwa sababu upepo juu ya ngozi iliyolowa ndio unaoliondoa joto. Kama lambo liko hatua chache, mwingize mpaka maji yamfike kifuani na umshikilie kichwa juu.

Makosa matatu hufanywa kwa nia njema. La kwanza ni kumfunika gunia lililolowa na kumwacha. Baada ya dakika chache gunia linapata joto na kuwa blanketi. La pili ni kummiminia maji kooni akiwa amezimia. Yanaingia mapafuni. Mwache anywe mwenyewe akiweza kuinua kichwa, kidogo kidogo. La tatu ni kumpa panado au diklofenaki. Dawa hizo hushusha homa ya ugonjwa, joto la jua hazilishushi, na kwa mbwa zinaharibu ini, tumbo na figo.

Kama una kipimajoto, kipake mafuta na ukiingize njia ya haja kubwa sentimita 2 hadi 3, kisha kitie alama kisitumiwe na watu. Ukisoma 39.5, acha kumwaga maji na umfute, vinginevyo atashuka kupita kiasi na kuanza kutetemeka. Kama huna, endelea mpaka kuhema kupungue na aanze kukutambua.

Hata akisimama na kutikisa mkia, aonwe na ofisa mifugo wa kata siku hiyohiyo. Figo na kuganda kwa damu huweza kuharibika katika siku tatu zinazofuata. Mkojo wa rangi ya chai ya rangi, vidoadoa vyekundu kwenye ngozi ya tumbo au kinyesi chenye damu ni taarifa mbaya. Msafirishe akiwa amelowa na upepo ukimpiga, mtu akimshika kwa nyuma. Kamwe usimtie ndani ya gunia juu ya pikipiki. Aliyetoka njiani hai atafika amekufa.

Joto si kichaa, lakini uwe makini

Mate yanayoning'inia, macho mekundu na kuyumba humfanya mtu apaze sauti kwamba mbwa ana kichaa, na marungu hufuata. Uliza kwanza alikuwaje asubuhi. Aliyezidiwa na joto alitoka nyumbani mzima, akakimbia juani, na akimwagiwa maji hupata nafuu mapema. Mwenye kichaa hubadilika kwa siku kadhaa: anajificha au anazurura, anauma miti na mawe, sauti inabadilika, taya linalegea. Kama mbwa hajachanjwa, au alikuwa na tabia ngeni kabla ya safari, mmwagie maji kwa mbali na usimtie mkono mdomoni. Akikuuma, au mate yake yakiingia kwenye kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na uende hospitali siku hiyohiyo kupata chanjo.

Chanjo yenyewe huja na mtego wake. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni tarehe 28 Septemba, na chanjo za vijijini zinazopangwa kuizunguka zinaangukia kwenye joto letu kali kabisa. Watoto wanawavuta mbwa kilomita kadhaa, mdomo umefungwa kamba tangu nyumbani ili wasiume njiani, halafu foleni juani. Mbwa huyo amezibwa njia yake kuu ya kupoa. Mpeleke, chanjo ni lazima kuanzia umri wa miezi mitatu na kila mwaka, lakini mpeleke alfajiri, akiwa na maji na mtu mzima wa kumshika. Mngojee zamu chini ya mti, mbali na mbwa wengine, mdomo wazi. Kitambaa cha kumfunga mdomo kiwe mfukoni mwako. Kifunge mchanjaji anapovuta dawa kwenye sindano, na ukifungue sindano inapotoka. Kazi hiyo haizidi dakika mbili.

Mbwa aliyewahi kuanguka kwa joto huanguka tena kwa urahisi zaidi. Mpumzishe nyumbani wiki nzima, kisha umrudishe kwa matembezi ya dakika 15 alfajiri, ukiongeza kidogo kila siku. Machungani arudi mawingu ya Novemba yakishafunga.