Nyeusi akila c4 na kung'ang'ania, mwadhibu hivi

Jumamosi nilikaa kibarazani na mpwa wangu hapa Busia, upande wa Uganda. Anakwenda Kampala kucheza chesi na vijana wa Katwe, mtaa alikojifunzia Phiona Mutesi, mchezaji chesi maarufu wa Uganda, na tumbo lilikuwa likimchafuka. Nikamfundisha mtego mmoja tu wa mwenye nyeupe.

1. Tandika ubao wa kweli. Simu iache mfukoni. Ikikutajia jibu kabla hujahangaika, kesho hulikumbuki.

2. Cheza d4, yaani sukuma askari hadi safu ya d, mstari wa 4 ukihesabu kutoka upande wa nyeupe. Akijibu d5, cheza c4. Hiyo ndiyo gambiti ya malkia, ufunguzi wa kumtega kwa askari wa c4. Asipomla askari huyo, mwongozo huu hauna kazi leo.

3. Akimla, cheza e3. Askofu wako wa f1 sasa anamtazama askari wake wa c4. Mjuzi humwachia, mroho husukuma b5 kumlinda.

4. Hapa ndipo nilipopoteza usiku mzima. Kutoka f3 mpaka a8 mshazari uko wazi, na mwisho wake kuna ngome isiyo na mlinzi. Nami nikaruka na malkia hadi f3 palepale! Akasukuma c6, njia ikazibika, malkia wangu akabaki kuzurura. Dawa ni kuanza na a4, kisha utazame anajibu nini. Akicheza c6, malkia asiondoke bado: kula b5 kwanza kwa askari wako wa a. Akirudishia kwa askari wa c, c6 imebaki tupu, na sasa ndiyo malkia f3. Akicheza a6 badala ya c6, kula b5 vilevile. Akirudishia, ngome yako ya a1 inaimeza ya a8. Akila a4, mle c4 kwa askofu, na wa a4 naye utamla baadaye, huna deni. Ukivuruga mpangilio huu, mtego hakuna.

5. Malkia akifika f3, jibu lake bora ni farasi c6. Mle kwa malkia, cheki, yaani mfalme wake anashambuliwa. Akikinga kwa askofu d7, mrudishe malkia f3. Umepata farasi kwa askari mmoja.

6. Sasa umemzidi, kwa hiyo badilishaneni kete hadi ziishe. Mpwa alitaka mbwembwe za kumkimbiza mfalme, nikamkatalia.

Kwenye mashindano, kete yako ukiigusa lazima uicheze. Kwa hiyo hatua ya nne mpwa wangu huicheza akiwa amekalia mikono, mpaka vidole vinakufa ganzi.