Jinsi ya kujua kama mto umekatika njiani

Mto umekatika pale samaki wanaposhindwa kupita. Kujua hilo usianze kuhesabu samaki, anza na kalavati, yaani mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara. Panda na mto, kila bomba lililopita chini ya barabara angalia upande maji yanapotokea, yakiwa yanadondoka badala ya kutiririka sawa na sakafu ya mto basi samaki wadogo hapo hawapandi, hata kama kimo ni kiganja tu. Alafu cheki mabondeni, mafuriko yakija maji yanafika vidimbwi vya pembeni au tuta limeziba? Huko ndo samaki wengi wanataga na vifaranga wanakulia.

Vizuizi vikiwa vingi, anza na cha chini kabisa, maana ukitoa cha juu tu wanaotoka baharini bado hawafiki. Ila kama chini kuna samaki wavamizi, yaani wageni wanaodhuru samaki wa asili, kizuizi kiache kwanza, maana ndicho kinachowazuia wasipande.